Funika. Kaa.

14 Januari 1991

Shangazi yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa salamu nyingi kuliko punje za kimea ulizonifungia kwenye gunia. Naomba barua hii ikukute mzima, mguu umepoa, na Baba hajaanza tena kukufundisha namna ya kupanga chupa zako. Mimi sijambo. Sijambo mpaka naona haya kukuambia.

Shangazi, ndoa ni tamu! Mbona hukuniambia? Chumba chetu kiko ghorofa ya pili, kina dirisha pana na jiko dogo pembeni lenye vigae vyeupe. Mume wangu ametengeneza rafu tatu kwa mkono wake, na ya chini kaifanya fupi ili ndoo yangu ya bia ipite. Fikiria, mwanaume anayepima ndoo ya mkewe kabla ya kukata ubao! Akinywa chai hufumba macho. Akicheka huanza na mabega, sauti inafuata baadaye kama radi. Asubuhi ananiuliza, "Bibi harusi, umeamka au bado uko kwenye picha?" Nacheka mpaka chai inamwagika.

Alikaa nami siku tisa. Kisha lori la kazi likaja kumchukua kwenda kambini, unajua kazi yake ya kuchimba visima haina Jumapili. Atarudi tarehe mbili Machi kwa siku tano, na atakuja na fundi mkuu wao, kwa sababu ameshawatangazia wote kambini, "Mke wangu anatengeneza bia, we acha tu." Kwa hiyo unaona, sina budi. Akirudi lazima akute bia kama yako mezani, la sivyo nitamwaibisha mbele ya bosi wake.

Sasa nikupe lenyewe. Nilipika siku ya tatu baada ya lori kuondoka, nikifuata daftari nililonakili kwako neno kwa neno. Kimea kilo tano, nimekisaga kwa kinu cha kahawa cha mwenye nyumba. Yeye ni nesi mstaafu, anaishi chini yetu, husalimia kwa kuinua kidole kimoja. Aliniuliza, "Unasaga nini kutwa nzima, bibie?" Nikamwambia kimea cha bia. Akasema, "Mume yuko safari. Unamsagia nani?" Nikacheka tu.

Maji yalikuwa nyuzi sitini na saba, nilipima. Nikakoroga mpaka hakuna donge, nikafunika. Nilipofungulia bomba la ndoo yakatoka maji matamu, ila utamu wa kuazima. Kile kijiti cha kioo chenye namba za utamu ulichonipa siku ya harusi, pacha wa chako kinachoelea kwenye arobaini na nane, kwangu kilizama mpaka ishirini na tisa. Nikachemsha na maua machungu, nikapoza, nikatia hamira. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya nne ndipo likatoka povu jembamba kama la sabuni iliyokwisha. Nimeionja leo. Shangazi, ni maji yaliyosimuliwa habari za bia.

Nimekosea wapi? Na wewe bia zako zinaendeleaje? Niandikie haraka. Si kwamba nina upweke, la, siku hazinitoshi.

Wako akupendaye, mke wa mtu (nimependa kuliandika),
Chiriku

*

26 Januari 1991

Kwako Chiriku,

Salamu. Mguu uko pale pale ulipouacha. Baba yako hajambo, anakusalimu, na ndiyo, juzi amezipanga chupa zangu kwa rangi. Paa la nyuma limezibwa. Jirani wa mkono wa kushoto kapata mjukuu mwenye sauti ya king'ora.

Nimepokea barua yako. Kurasa sita. Tano za mumeo, moja ya bia. Nimefurahi kwa hizo tano, na hiyo moja nimeisoma mara mbili. Maneno matamu hayapandishi kijiti, mwanangu, kwa hiyo tuanze na kinu.

Kinu cha kahawa kilitengenezewa kahawa. Chukua punje kumi za ulichosaga, zitandaze kwenye sahani nyeupe. Zikiwa nzima hata tatu, maji hayakuingia ndani, na utamu umeutupa pamoja na machicha. Kaza skrubu. Lakini usisage ikawa unga. Ganda lazima lipasuke, lisipondeke, la sivyo bomba litaziba na utalia. Unataka nafaka iliyoparazwa, basi.

Pili, kuchacha. Ndoo umeiweka wapi? Kama umeiweka sakafuni, iondoe. Saruji hunyonya joto kama mgeni anavyonyonya chai. Ipandishe juu ya mbao, ifunge kitu kizito. Na hamira usiitupe humo ikiwa usingizini. Iamshe kwanza kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo. Ikitoa povu kikombeni, itatoa na ndooni.

Umeuliza habari za bia zangu. Watu wanakunywa.

Shangazi yako

*

9 Februari 1991

Shangazi wangu wa dhahabu,

Salamu tele kwako, kwa Baba, na kwa huyo king'ora wa jirani. Mimi ni mzima na roho yangu inaimba. Mume wangu ameniandikia! Kurasa mbili, zina alama ya grisi pembeni, na mimi nimeibusu hiyo grisi, ucheke tu. Anasema usiku kambini hutazama upande anaodhani mji wetu uko. Fundi mkuu akamwambia, "Huko ni kaskazini, mjinga wee, mji uko nyuma yako." Sasa anageuka kwanza. Kuna mwanaume mwingine duniani wa namna hiyo?

Anasema tarehe mbili Machi ni "labda". Lakini mtu akisema labda huku anakupenda, ni kama ndiyo.

Nimefanya ulivyosema. Nilitandaza punje kumi, nzima zilikuwa tano! Nikaona haya peke yangu. Nikaikaza skrubu ya kinu mpaka mkono ukaota lengelenge. Mwalimu wetu wa kemia pale sekondari alikuwa akisema kitu kikiwa vipande vidogo hukutana na maji zaidi, nami nilikuwa nikiandika jina la mtu nyuma ya daftari. Nimejua leo alichosema.

Kijiti kimepanda mpaka thelathini na tano. Ni afadhali, lakini thelathini na tano si arobaini na nane.

Kuchacha sasa kumekubali. Ndoo nimeipandisha juu ya kreti, na kwa kuwa blanketi tunalo moja, nimeifunga kwa koti la kazi la mume wangu. Nimefunga vifungo vyote, na mikono ya koti nimeizungusha mbele kama mtu aliyejikumbatia. Siku ya pili tu ikaanza kububujika. Asubuhi naisalimu. Mchana nafungua mfuniko kidogo nisikie povu linavyonong'ona, nafunga, baada ya saa moja nafungua tena. Ni sauti nzuri sana, Shangazi. Chumba kinakuwa na mtu.

Lakini nguvu hamna. Fundi mkuu atasema nini? Nisaidie, zimebaki wiki tatu.

Mwanao,
Chiriku mwenye lengelenge

*

20 Februari 1991

Kwako Chiriku,

Salamu kutoka kwetu sote. Baba yako ana mafua na anayaongelea kama vita. Mguu umekubali ngazi.

Kwanza, acha kufungua mfuniko. Kila ukifungua unatoa joto na kuingiza pumzi yako, na pumzi ya mtu huchachusha bia ikawa siki. Povu halihitaji wa kulisikiliza. Na lile koti lifunge vifungo, ila usilisalimu mbele ya mwenye nyumba.

Pili, hii thelathini na tano inaninyima raha. Kinu umekirekebisha. Maji una kipimajoto. Kimea ni kilekile ninachotumia mimi (na muuza kimea tumekosana, lakini hayo si ya barua hii). Kwa hiyo kuna kitu unafanya ambacho hujaniambia, au hufanyi kitu ambacho mimi sijui kuwa nafanya.

Pika tena. Weka saa mbele yako. Niandikie siku nzima kama karani wa mahakama, kila tendo na saa yake. Usipambe. Sitaki kusikia jua lilivyochomoza.

Shangazi yako

*

4 Machi 1991

Shangazi mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima, na Baba umwambie apate nafuu na ashinde vita. Mimi sijambo.

Mume wangu hakuja. Mtambo umekwama kwenye mwamba, na hawawezi kuuacha. Sasa ni tarehe kumi na tatu Aprili, na safari hii hakuandika labda. Si kitu! Mwenye kungoja mpenzi hula mara mbili, mara ya kwanza kwa mawazo. Hii nimeitunga mimi. Tena ni bahati, maana bia ya thelathini na tano ningemwekeaje fundi mkuu?

Nimepika jana. Jua lilichomoza, sisemi lilivyochomoza. Karani anaandika:

Saa mbili na dakika kumi niliwasha jiko. Saa tatu kasoro dakika tano maji yalifika joto lake. Saa tatu na dakika tano nilikuwa nimemaliza kumimina na kukoroga, kipimajoto sitini na saba, nikafunika. Daftari nililonakili kwako linasema: "Funika. Kaa." Nikakaa. Shangazi, nilikaa sana! Nilitazama ndoo, ndoo ikanitazama. Nilihesabu vigae vya jikoni, mia moja na arobaini na viwili. Nikavihesabu tena kutoka mwisho. Nikaukunja ukingo wa aproni, nikaukunjua. Nikasema hapa kimeshaiva na kupitiliza. Saa tatu na nusu nikafungulia bomba. Saa nne kasoro robo nilikuwa nimesuuza machicha kwa maji ya moto. Kijiti, thelathini na sita.

Basi ndiyo hiyo siku yangu. Nimeisoma tena naona ni fupi, lakini ilikuwa ndefu.

Chiriku

*

15 Machi 1991

Mwanangu,

Salamu. Baba yako amepona na amesikitika kupona.

Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma nimeketi, kisha nikaenda uani nikakaa kwenye kile kigoda changu mbele ya pipa, mikono mitupu.

Dakika ishirini na tano. Ulikaa dakika ishirini na tano.

Kimea kinataka saa moja na nusu. Chini ya hapo wanga haujageuka kuwa utamu, unamwaga uji mwepesi na kubaki na nusu ya mali ndani ya machicha. Sasa utauliza, kwa nini daftari halisemi saa moja na nusu? Kwa sababu na mimi nilikuwa sijui. Miaka kumi na moja nimepika nawe, tangu ulipokuwa huufikii ukingo wa pipa, na sijawahi hata siku moja kutazama saa. Tulikuwa tunafunika, tunakaa, unaanza. Habari za shule, nani kagombana na nani, mwalimu wa kemia na suruali yake, ndoto uliyoota, ndoto uliyosema umeota. Mimi nilikuwa nasema "ehe". Ulipoishiwa, nilikuwa nafungulia bomba. Ndiyo ilikuwa saa yangu.

Nimejuaje? Nilimwita dada wa duka la dawa, yule mwenye maneno, nikamketisha kwenye kigoda chako, nikaazima saa yake ya mkononi. Alipomaliza habari za shemeji zake ilikuwa dakika tisini na tatu.

Na kuna jambo sikukuambia, kwa kuwa mtu aliyekufundisha hapendi umwone ameanguka. Tangu harusi yako nimepika mara mbili. Zote zimetoka chapwa. Mwenye baa ya kona alinirudishia kreti akisema, "Mama, safari hii ulisahau kutia bia." Nilimlaumu muuza kimea. Nilimwita mwizi mbele ya watu. Jana nimekwenda kumwomba radhi, akaniuliza, "Sasa kosa lilikuwa la nani?" Nikamwambia, "La kimya."

Basi pika kwa saa. Kutoka kufunika mpaka kufungulia, saa moja na nusu, hata ukivihesabu vigae mara mia.

Na sasa nakuuliza, nawe unijibu bila kupamba. Umeniandikia barua tatu. Namjua mumeo mpaka mabega. Koti lake nalijua. Ndoo naijua. Nani mwingine yuko huko nawe?

Shangazi yako

*

27 Machi 1991
Saa tatu kamili asubuhi

Shangazi,

Shikamoo. Nimefunika sasa hivi. Nyuzi sitini na saba. Nimeona nikuandikie humu humu ndani ya muda, ili nisifungue kabla. Wote wazima? Baba mzima? Dada wa duka la dawa mzima, na shemeji zake?

Tarehe kumi na tatu Aprili iko siku kumi na saba mbele. Hii ndiyo nafasi ya mwisho. Ikitoka chapwa, mume wangu atamwonyesha fundi mkuu ndoo na koti.

Saa tatu na dakika kumi na tano

Nimekueleza kwamba mume wangu akivaa viatu huanza na cha kushoto? Nimekueleza. Nilitaka kukuambia anavyokata kitunguu, nikakumbuka nalo nimeliandika Februari, ila nilichana ukurasa.

Saa tatu na dakika ishirini na tano

Hapa ndipo nilipofungulia siku ile. Nimeona. Ni mapema sana, hata mfuniko haujatoa jasho.

Saa tatu na dakika arobaini

Umeniuliza nani yuko nami.

Mwenye nyumba huinua kidole. Karani wa posta hugonga muhuri. Kuna fundi cherehani nyuma ya ukuta, sijawahi kumwona, namsikia tu akishona, na akinyamaza najua amekwenda kula, nami nakwenda kula. Tangu Jumamosi nimeongea na mtu mmoja, muuza mkate. Nilimwambia neno moja, "Miwili." Sijui kwa nini nilinunua miwili.

Saa tatu na dakika hamsini na mbili

Nilisimama kidogo, nimerudi. Usidhani nilikudanganya, Shangazi. Yote niliyosema juu yake ni kweli, nampenda mpaka nikisikia lori lolote barabarani nasimama. Ila nimeolewa siku tisini na tano, na nimekaa naye tisa. Hizo tisa nimekuandikia tena na tena, kila barua nazigeuza upande mwingine kama nguo moja ya kutokea. Hakuna mpya. Sikutaka useme nilikuacha nikaja kukaa na ndoo.

Nilikuwa sijui kama mimi ni mtu wa maneno mengi. Nilidhani maneno ni yangu. Kumbe ni yako, wewe na "ehe" yako. Hapa nikisema kitu chumbani, sauti inatoka kavu kama ya mtu aliyeamka sasa hivi.

Saa nne na dakika kumi

Nimelia kidogo, si kwa ubaya. Nimenawa. Kumbe saa moja na nusu si ndefu ukisema kweli.

Saa nne na nusu

Nafungulia bomba.

Saa tano na robo

Arobaini na saba.

Arobaini na saba, Shangazi! Maji yametoka mazito, rangi ya asali, yananata kwenye vidole. Nimepiga ukelele mpaka cherehani ikanyamaza nyuma ya ukuta. Nikangoja nione kama atabisha hodi. Akaendelea kushona.

Furaha hii wewe utaipata baada ya siku kumi au kumi na moja. Itakuwa imepoa. Ipashe moto, uile.

Mwanao,
Chiriku

*

19 Aprili 1991

Shangazi yangu,

Shikamoo na salamu kwa wote. Mume wangu alikuja! Alikuja na fundi mkuu, mwanaume mpana anayejaza mlango. Nimewawekea bilauri. Fundi mkuu akanywa, akaweka bilauri chini, akaitazama.

"Hii umeipika wewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Kambini huyu hatuachii usingizi. Mke wangu hivi, mke wangu vile. Sisi tulishakubaliana anakutunga." Akasukuma bilauri mbele. "Tia tena, nimuombe msamaha nikiwa nimelowana."

Mume wangu alicheka, mabega yakatangulia. Nilikuwa nimeyasahau kidogo, Shangazi. Yako tofauti na nilivyokuandikia, ni mazuri zaidi.

Siku ya nne nilipika tena, akakaa nami kungoja kimea. Aliongea dakika kumi na mbili, zote za mwamba. Kisha akaishiwa, akanitazama, nami nikamweleza kuhusu mikate miwili. Alinishika mkono mpaka saa ikafika, na kijiti kikasimama arobaini na nane. Sikujua kimya nacho kinafaa kikiwa cha watu wawili.

Ameandika ombi ahamishiwe karakana ya hapa mjini. Wakubwa wamesema watalitazama. Nawe unajua wakubwa wanavyotazama.

Lori lilimchukua jana. Koti ameliacha kwa ajili ya ndoo, japo kambini kuna baridi. Nimempelekea mwenye nyumba chupa mbili. Alikaa nami mlangoni kama dakika kumi, amesimama, akasema bia inanuka kama wodi ikishapigwa deki. Nadhani ilikuwa sifa. Nikamwambia karibu tena. Akainua kidole.

Chumba leo ni kikubwa.

Chiriku

*

2 Mei 1991

Kwako Chiriku,

Salamu. Wote wazima. Mjukuu wa jirani ameota jino na sasa tunalijua wote.

Nilifurahi kwa ile arobaini na saba. Niliipasha moto, nikaila. Mkwe wa mumeo, yaani baba yako kwa jina lake la sasa, naye alipata kipande.

Mimi nilikuwa bado na shida yangu. Saa ya ukutani nimeipata, nimeitundika uani juu ya pipa. Lakini mtu aliyezoea kusikiliza hawezi kukaa saa moja na nusu akitazama mshale. Dakika ya thelathini mkono unakwenda wenyewe kwenye bomba. Dada wa duka la dawa nimemwalika mara moja tu, sitarudia. Shemeji zake nawajua sasa kuliko ninavyowajua ndugu zangu.

Basi Jumamosi nilifunika, nikavuta kigoda, nikatoa barua zako zote, nikavaa miwani, nikaanza na ile ya Januari. Nilisoma kwa sauti, maana kimya kimya macho hukimbia. Sikuruka hata kurasa za mumeo. Palipostahili nilisema "ehe". Baba yako akapita dirishani, akauliza, "Unaongea na nani humo?"

"Na mwanao," nikamwambia. "Pita, usitukatize."

Hakupita. Alileta kiti.

Kijiti kilisimama arobaini na nne. Mwenye baa ya kona amepokea kreti na hajasema neno, na yeye asiposema neno ni sifa. Lakini mimi nimezoea arobaini na nane, na nimejua zile nne zimepotelea wapi. Barua zako zote, kuanzia mwanzo mpaka "chumba leo ni kikubwa", zinakwisha kwa saa moja na dakika kumi.

Mimi na baba yako tulikaa hapo mbele ya pipa tukingoja, hakuna kilichobaki cha kusoma, nikafungulia.

Andika, mwanangu. Napungukiwa dakika ishirini.

Shangazi yako